Uzi wa DNA Mbele ya Damu: Mizani ya Kuhukumia Vitambuzi vya Aptama

Tangu mwaka 1962, Leland Clark na Champ Lyons walipotangaza elektrodi iliyobeba kimeng'enya cha kupimia sukari ya damu, wataalamu wa kemia ya umeme wametamani chombo cha namna hiyo kwa kila kitu kipitacho mishipani. Na kilichoikawiza haja yao ni kwamba sukari ilikuwa na bahati mbili ambazo ni nadra kukutana, yaani wingi wake katika damu, unaohesabiwa kwa milimoli, na kuwako kwa kimeng'enya kinachoishambulia karibu yenyewe peke yake, kikatoa mazao yanayopimika kwa umeme. Dawa nyingi, homoni na protini hazikupata hata bahati moja.

Mlango mwingine ulifunguka mwaka 1990, pale maabara mbili za Marekani, moja ya Larry Gold na Craig Tuerk huko Colorado, na nyingine ya Jack Szostak na Andrew Ellington huko Boston, zilipoonyesha, kila moja kwa njia yake, kwamba mtafiti aweza kuanza na nyuzi nyingi mno za asidi-kiini zilizopangwa kwa kubahatisha, akazipitisha mbele ya molekuli aitakayo, akazihifadhi chache zilizoishika, akazizidisha na kuzirudisha mtihanini mara baada ya mara, hata zikabaki zile tu zinazoing'ang'ania molekuli ile. Hizo ndizo aptama. Iliyopata sifa kuliko nyingi miongoni mwa zile za DNA ilitangazwa mwaka 1992. Huishika thrombini, protini ya kugandisha damu, nayo ina herufi 15 tu.

Uzi huo ndio uliochukuliwa mwaka 2005 na kundi la Kevin Plaxco na Alan Heeger, huko Santa Barbara, California, ukafungwa ncha moja kwenye dhahabu kwa kiungo cha salfa, na ncha ya pili ikavikwa buluu ya methileni, rangi ile ile ambayo Paul Ehrlich aliwapa wagonjwa wa malaria mwaka 1891, na ambayo ina tabia ya kupokea elektroni na kuzirudisha. Uzi usioshika kitu huyumba kama mwani ulioota mwambani, buluu yake ikigusagusa dhahabu na mkondo ukipita. Ukiishika thrombini hujikunja ukawa imara, buluu ikazuiliwa mbali, na mkondo ukapungua. Mwaka uliofuata kilitoka kitambuzi cha aptama ya kokeini chenye mwenendo wa kinyume, kwani kujikunja kwa uzi wake huileta buluu karibu na kuuzidisha mkondo.

Fadhila ya mpango huu, kwa rai yangu, haikutajwa kwa uzito unaostahili. Vitambuzi vingi vilivyotangulia huhisi kuwasili kwa kitu juu ya uso wao, kitu chochote kile. Na madhali damu imejaa protini zinazonata popote, chombo cha aina hiyo hushindwa kutofautisha mgeni aliyealikwa na mdandiaji. Aptama iliyofungwa kwenye dhahabu huhisi mabadiliko ya umbo lake yenyewe, wala haihitaji kuongezwa kemikali nyingine, na molekuli ikiachia, uzi hurejea hali yake ya kwanza. Ndiyo maana mwaka 2013 iliwezekana kufuatilia dawa ya saratani, doksorubisini, ndani ya damu ya panya hai, na kufikia 2017 waya mwembamba wa dhahabu uliwekwa katika mshipa wa panya aliye macho, anayetembea, ukahesabu dawa kwa muda wa saa kadhaa.

Walakini damu hailipi deni lake kirahisi. Mkondo hupungua upesi mwanzoni kwa sababu vitu vya damu huufunika uso wa dhahabu, kisha huendelea kupungua polepole kwa kuwa viungo vya salfa hung'oka kila umeme unapopelekwa kupita kiasi chake. Buluu ya methileni ilipendelewa kwa sababu hufanya kazi katika kipande kidogo cha volti ambacho viungo hivyo hukistahimili. Hiyo ni bahati, na anayeibadili kwa rangi nyingine yampasa ajue anachokipoteza.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Majarida yamezoea kumtukuza mwandishi aliyefikia kiwango kidogo kabisa cha kugundua, aghalabu katika maji ya chumvi yaliyosafishwa, ilhali daktari anayemtibu mgonjwa kwa vankomisini hahitaji tarakimu iliyo chini mara elfu ya dawa iliyomo mwilini. Anahitaji tarakimu ya kweli, katika damu isiyochujwa, kwa joto la mwili. Hata kushikana kwenyewe huleta kosa kukiachwa bila ushahidi. Mwaka 2009 ilitangazwa aptama ya arseniki, nayo ikatumiwa katika tafiti nyingi, mpaka mwaka 2019 Chenqi Zong na Juewen Liu, wa Waterloo, Kanada, walipoipima upya na kukuta haiishiki arseniki. Katika vipimo vilivyotumia chembe za dhahabu, arseniki yenyewe ndiyo iliyokuwa ikinata juu ya dhahabu. Miaka kumi ya vitambuzi juu ya msingi ambao haukuwapo!

Nasi Afrika Mashariki jambo hili linatuhusu. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliwaua watu 125 nchini Kenya, kati ya wagonjwa 317 waliohesabiwa, na kanuni ya Jumuiya yetu hairuhusu zaidi ya mikrogramu 10 katika kilo ya mahindi. Aptama za sumu hiyo zimekwisha kutangazwa; lakini sumukuvu hukamuliwa kutoka katika unga kwa methanoli, kimiminika ambacho chaweza kuuharibu mkunjo wa uzi, na kitambuzi kilichofaulu katika maji matupu hakijajibu swali la ghala.

Nawaomba basi wahariri na wasimamizi wa tasnifu wasikubali kitambuzi chochote cha aptama pasipo mambo mawili: uzi wa pili, wenye herufi zile zile zilizovurugwa mpangilio, uliopimwa sambamba na wa kwanza; na matokeo ya damu, mate au unga halisi, yenye saa za kutosha kuonyesha jinsi mkondo unavyopungua.