Kanieneo: kani juu ya eneo

Fundi wa matairi akiuliza, "Nijaze upepo kiasi gani?", muuguzi akisema presha imepanda, na mtabiri wa hali ya hewa akitangaza mgandamizo mdogo wa hewa baharini, wote watatu wanazungumzia jambo moja. Vitabu vya fizikia vimelipa jina jingine: kanieneo.

Jina hili nalitetea. Limeundwa kwa kani, yaani msukumo au mvuto, na eneo. Na hesabu yake ni hiyohiyo: kani igawanywe kwa eneo inaloliangukia. Ndiyo maana kisu kikali hupita kwenye nyanya na kile butu huiponda, ingawa mkono ni uleule. "Presha" tumeizoea, lakini haimfunulii mwanafunzi kitu. "Mgandamizo" humpeleka kwenye kitu kilichobanwa kikapungua ujazo, na hilo ni jambo la pembeni.

Hewa nayo ina uzito. Ufukweni, kila sentimita ya mraba huelemewa na hewa yenye uzito wa kilo 1 hivi. Kunjua kiganja chenye sentimita za mraba 100: umebeba gunia zima la mahindi. Hulihisi kwa kuwa hewa iliyo chini ya mkono nayo inausukuma juu kwa kani karibu ileile.

Mtazame muuza duka anavyomimina mafuta ya kula. Akitoboa kopo tundu moja, mafuta hutoka kwa kukwamakwama. Yanapopungua, kanieneo ya ndani hushuka, na hewa ya nje huyazuia pale tunduni mpaka kiputo kipenye. Akitoboa la pili upande wa juu, mafuta huteremka kama uzi.

Maharage ndiyo yanayoonyesha zaidi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yake ni pungufu, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Mpishi akiongeza kuni, maji hukauka upesi lakini joto lake halipandi. Akifunika sufuria ya presha, mvuke hukosa njia, kanieneo hupanda, na maji hufika karibu nyuzi 120. Maharage yaliyomlaza macho jana leo yanaiva kabla mkaa haujapungua.