Ng'ambo ya Zanzibar: Ujirani Uliojenga Mji



Juma hili tunawaalika tuvuke pamoja daraja ambalo halipo tena. Mtu atokaye leo Mji Mkongwe wa Zanzibar kuelekea mashariki hufika soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, akavuka barabara pana, na baada ya hatua chache tu akawa Ng'ambo. Wengi wetu huvuka hapo bila kujiuliza kwa nini soko laitwa Darajani hali daraja halionekani, wala ni ng'ambo ya kitu gani.

Jibu ni maji. Zamani hori la bahari liliingia nchi kavu nyuma ya mji wa mawe, na bahari ilipojaa mji ule ulikuwa karibu kisiwa. Upande wa magharibi yalisimama majumba ya kasri, ya wafanyabiashara na ya mabalozi. Upande wa pili, penye miti na visima, zilianza kujengwa nyumba za udongo za watu wanyonge. Hori lilifukiwa kidogo kidogo, na kipande cha mwisho kilikauka katika miaka ya 1950. Maji yameondoka, majina yamebaki.

Mitaa ya Ng'ambo nayo yataka kusomwa kwa majina yake. Miembeni, Mwembetanga na Mwembeladu hutukumbusha miembe. Kisima Majongoo hutukumbusha kisima. Majina ya namna hii hayatungwi na mtawala aliyekaa ofisini. Hutungwa na watu waliokaa chini ya mti ule na kuteka maji katika kisima kile. Basi tangu mwanzo mtaa huu ulikuwa mali ya maisha ya kila siku.

Wakazi wake walikuwa akina nani? Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mwaka 1897 ikatolewa amri ya kuondoa utumwa wenyewe visiwani, ingawa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuuomba, na masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Wengi waliotoka mashambani mwa mabwana zao walikuja mjini kutafuta riziki, wakakaa Ng'ambo. Huko waliwakuta Wamanyema, Wanyamwezi, Wazaramo, Wanyasa, Wangazija, Washihiri na wengineo. Wengi wao hawakuwa na ukoo wa karibu. Kaburi la babu lilikuwa mbali, na pengine hata jina la babu lilikuwa limepotea. Mtu wa namna hiyo akiugua usiku, nani amletee maji? Akifa, nani amwoshe na kumzika? Hakuwa na budi kuwa na jirani. Wahenga walisema kweli kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nyumba yenyewe ilijengwa kwa kuujua ukweli huo. Zilisimikwa nguzo, zikafungwa fito, ukakandikwa udongo, na paa likaezekwa kwa makuti; mabati yalikuja baadaye. Ndani kulikuwa na ukumbi katikati na vyumba kushoto na kulia. Nyuma kulikuwa na uani, mahali pa jiko, pa kufua na pa mazungumzo ya akina mama. Mbele, ukutani, kulikuwa na baraza. Baraza si chumba wala si njia. Ni mahali pa mwenye nyumba ambapo mpita njia huruhusiwa kuketi. Hapo watu walicheza bao na karata, walikunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, na walisikilizana habari. Hapo pia mgomvi alipatanishwa na mwenzake kabla jambo halijafika mahakamani. Kule uani nako akina mama walicheza upatu, kila mmoja akitoa fungu lake na kupokea kwa zamu, hata maskini akaweza kununua bati au kumwoza binti.

Nguo nazo zilisema neno. Wakati wa utumwa, kaniki nyeusi na merikani ya nguo nzito vilikuwa vazi la mtumwa na la maskini. Vizazi vya mwanzo wa karne ya 20 viliviacha. Mwanamke aliyekuwa mjakazi alivaa kanga yenye rangi, na mwanamume akavaa kanzu na kofia, wakatoka barazani wakiwa watu kama watu wengine. Hatuoni kwamba huo ulikuwa upuuzi wa mapambo. Aliyewahi kuvishwa aibu ana haki ya kufurahi siku anapochagua nguo yake mwenyewe.

Hata hivyo, wapendwa, ulikuwapo mwiba uliojificha chini ya nyumba hizo. Kwa desturi ya Zanzibar, nyumba na ardhi iliyo chini yake viliweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu alijenga kibanda na kukimiliki kweli, akaweza hata kukiuza, hali kiwanja ni cha tajiri au ni wakfu. Hapo zamani matajiri wengi hawakudai fedha kwa ardhi hiyo. Walitaka watu, kwa maana mwenye watu wengi nyuma yake alikuwa na heshima. Utumwa ulipokwisha na mji ulipopanuka, ardhi iligeuka kuwa bidhaa. Ilianza kudaiwa kodi, nayo ikapanda hata katika miaka ya 1920 ikawa mzigo usiobebeka kwa wachukuzi, wavuvi, mafundi na wanawake wajane.

Ndipo likatokea jambo la miaka ya 1927 na 1928 ambalo twadhani lafaa kukumbukwa zaidi ya linavyokumbukwa. Watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi, na wanawake, ambao wengi wao walikuwa na nyumba zao wenyewe, walikuwa mstari wa mbele. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: nyumba nimeijenga kwa jasho langu, na bwana wa ardhi hakuleta hata fito moja. Peke yake mjane asingeweza kugoma, kwa kuwa angetolewa nje siku hiyo hiyo. Lakini mtaa mzima ulipokataa, mwenye ardhi hakupata wa kumtisha. Mwaka 1928 Serikali ya kikoloni ililazimika kutunga sheria ya kudhibiti kodi za ardhi. Tukumbuke kwamba ushindi huo haukuletwa na silaha wala na chama cha siasa. Ulitayarishwa barazani na uani, na watu waliozoeana kwa kuazimana chumvi.

Mwaka huo huo wa 1928 mwanamke mmoja wa Ng'ambo alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Alikuwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa watu maskini, aliyeingia mjini mwaka 1911. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika kasri la Sultani, yeye aliiimba kwa lugha ya watu wa mtaa wake. Nyumbani kwake watu walikusanyika usiku kumsikiliza, na waliyoyasikia yalikuwa habari zao wenyewe. Wimbo wake uitwao Kijiti husimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni mjini, na kulalamikia jinsi mahakama ilivyoitendea kesi hiyo. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake, ili jina la binti wa mashambani lisipotee pamoja na sauti yake.

Lau tungeishia hapa, tungekuwa tumewasimulia hadithi tamu, lakini tungekuwa tumewaficha nusu ya ukweli. Ujirani ni nguvu, na kila nguvu yaweza kugeuzwa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, na kipindi kilichofuata wazee wa Zanzibar hukiita zama za siasa. Watu walewale waliowahi kukataa kodi kwa umoja walianza kukataana wenyewe kwa wenyewe. Wa chama hiki hakununua tena dukani kwa wa chama kile. Wengine hawakupanda gari moja. Na, jambo zito kuliko yote, wapo waliokataa kwenda kuzika jirani kwa sababu ya chama chake.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa makini. Mtaa ulioanzishwa na watu wasio na ndugu wa kuwazika ulifika mahali pa kunyimana maziko. Damu ilikuwa haijamwagika bado, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Juni 1961, siku za uchaguzi, fujo zilizuka mjini na mashamba, na watu 68 wakauawa. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Wako waliosema siku ile kwamba sasa mnyonge amepata haki yake, na hatuwezi kuwabeza, maana tumekwisha kuona mwiba uliowachoma. Wako pia waliouawa, na maelfu waliokimbia wakaacha nyumba, makaburi na marafiki. Msomaji mwaminifu hubeba kumbukumbu zote mbili, hata kama ni nzito mkononi.

Baada ya Mapinduzi ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na mwenye ardhi wa zamani akatoweka. Rais Abeid Amani Karume alitaka watu wa Ng'ambo waishi katika nyumba bora. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yalijengwa majumba ya Kikwajuni na Kilimani, na mwaka 1968 ukatengenezwa mpango mpya wa mji. Kutokana na nia hiyo yalizaliwa majumba ya Michenzani, yaliyopangwa kandokando ya barabara mbili zinazokatana msalaba, mengine yenye urefu wa karibu mita 300. Ili yasimame, nyumba nyingi za udongo zilibomolewa. Wenyeji walipata maji ya bomba, umeme na choo cha ndani, na anayelidharau hilo ni yule ambaye hajawahi kuchota maji kwa debe alfajiri. Lakini hawakupata uani, wala baraza ya mlangoni.

Je, ujirani ulikufa? Haukufa. Watu walishuka ngazi. Chini ya majumba yale wanaume waliketi tena kuzungumza, akina mama wakaweka meza za biashara ndogondogo, na watoto wakacheza mpira palipokuwa wazi. Mchoraji wa ramani hakuwawekea baraza, wakajiwekea wenyewe.

Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, na Ng'ambo ikabaki nje ya mpaka wa heshima hiyo. Wageni wakazidi kupiga picha milango ya nakshi upande mmoja wa barabara, na upande wa pili ukaonekana kama mahali pa kupita tu. Mwaka 2019 ilichapishwa atlasi ya Ng'ambo, ikikusanya ramani, picha na kumbukumbu za upande huo uliosahauliwa. Tunaishangilia kazi hiyo, kwa kuwa urithi haukai katika jiwe peke yake. Desturi ya kumkaribisha mpita njia aketi yaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mlango wenye misumari ya shaba, nayo haina bati juu yake wala mlinzi.

Basi, ndugu msomaji, twajifunza nini? Watu wa Ng'ambo kwa sehemu kubwa walikuwa na ni Waislamu, na sisi tunaoandika haya hatuoni haya kuketi miguuni pao. Wametufundisha kwamba nyumba nyingi zilizosogeleana hazijawa mtaa. Zinakuwa mtaa pale mtu anapojua ni nani atakayemzika. Wametufundisha pia, kwa machozi, kwamba utaratibu huo uliojengwa kwa miaka sitini waweza kubomolewa kwa miaka saba, na kwamba ubomoaji hauanzi kwa panga. Huanza siku unapopita mbele ya duka la jirani na kwenda kununua kwingine ili ajue.

Miji yetu sasa imejaa kuta ndefu na mageti ya chuma. Tumepata usalama fulani, na hatusemi ni vibaya. Lakini hebu kila mmoja wetu ajiulize kwa unyofu: ninayajua majina ya watu wa nyumba tatu za jirani? Nilikwenda msiba wa mwisho uliotokea mtaani kwetu, au niliuliza kwanza marehemu alikuwa wa dini gani, wa kabila gani, wa chama gani? Na uchaguzi mwingine utakapokuja, ni salamu ya nani nitakayoiacha ife?

Daraja la Ng'ambo lilifukiwa pamoja na maji yake. Yako madaraja mengine yasiyoonekana, na hayo hayahitaji kujengwa na Serikali. Juma hili tuvuke walau moja: tubishe hodi katika mlango ambao tumeuzoea kuupita.