KISANDUKU CHETU NA ZIWA LETU: HISTORIA YA MIAKA KUMI, 2015 – 2025



Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza hisa, faida na mgao. Ukurasa huu unaeleza jinsi akina mama tuliokutana kuweka akiba tulivyojikuta tunalinda ziwa.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na takriban nusu yake iko Tanzania. Lakini kwetu sisi ziwa ni sufuria, ni ndoo ya maji, ni ada ya shule. Tulipokuwa wasichana wa shule ya msingi, furu alikuwa mboga ya kila siku hapa mwaloni. Halafu sangara, aliyepandikizwa ziwani upande wa Uganda tangu miaka ya 1950, akaongezeka mno huku kwetu miaka ya 1980. Sangara alileta pesa, hatukatai. Lakini aliwala furu, na aina nyingi hazikuonekana tena.

Kabla hatujapumua yakaja magugu maji. Miaka ya 1990 yaliziba mialo mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka. Watu waliyang'oa kwa mikono, na wataalamu wakaleta wadudu wanaoyala. Kufikia mwaka 2000 yalikuwa yamepungua sana. Somo tulilolipata ni kwamba magugu hushiba uchafu wetu, yaani maji machafu, udongo na mbolea vinavyoshuka na mvua.

Basi mwaka 2015 tukaanza kikundi, akina mama 22, hisa moja shilingi 1,000, kisanduku kimoja chenye kufuli tatu. Wengi wetu tulikuwa wachuuzi wa dagaa. Tulikopeshana, tukarejesha, tukagawana. Mambo yalikwenda vizuri.

Mwaka 2017, katikati ya kikao, mama mmoja akauliza: “Jamani, hela ya kisanduku inanunua nini?” Tukafungua daftari. Mikopo 14 ilikuwa nje, na mitano kati yake ilikuwa imenunua makokoro na nyavu za macho madogo. Kikao kizima kikanyamaza, maana hakuna aliyekuwa hajui. Kokoro hukwangua chini, huvunja viota vya sato na kuzoa vifaranga. Tulikuwa tunalalamika kwamba samaki wamekwisha, kumbe wanaowamaliza tunawakopesha sisi wenyewe.

Msidhani tulikubaliana siku ile. Mwenzetu mmoja alisema, “Watoto wangu watakula sheria?” Halikuwa swali la kijinga. Nyavu halali ni ghali, na njaa haingoji vifaranga wakue. Tulibishana vikao vitatu. Mwisho tukapitisha mambo mawili. La kwanza, hakuna mkopo wa zana haramu. La pili, aliyekwisha kuzinunua aongezewe muda wa kurejesha, apate nafasi ya kubadilisha. Hata hivyo wanachama watano walitoka, akiwemo mtunza hazina wetu wa kwanza. Iliuma, na mgao wa mwaka ule ulipungua.

Mwaka 2018 ukaja msako wa zana haramu, nyavu zikachomwa moto. Za nyumba ya mtunza hazina wetu zikaungua pia. Wapo waliosema amejitakia. Sisi tukasema, huyu ni mwenzetu. Tukatoa mchele na sabuni kutoka mfuko wa jamii, tukampelekea. Mwaka 2019 alirudi mwenyewe kikaoni, akakopa, akaanza kukausha dagaa juu ya chanja badala ya kuwaanika mchangani. Leo yeye ndiye anayewafundisha wapya.

Tulipowanyooshea wenye makokoro kidole, wao wakatuuliza: “Na bustani yenu je?” Kweli, mchicha wa kikundi ulikuwa pembeni kabisa mwa maji, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Tukang'oa, tukahamia juu, tukaacha matete yaote. Tulipata hasara na kunung'unika sana. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita kimo cha mwaka 1964, na ile sehemu ya bustani ya zamani ikamezwa yote. Tangu hapo manung'uniko yakaisha.

Kidogo kidogo tukaongeza mikopo ya vyoo, kwa sababu kaya isiyo na choo hupeleka uchafu wake ziwani mvua ikinyesha. Tukakubaliana kufulia mbali na maji. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tulikuwa tumeshaanza kuokota takataka kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Hapo tunawashukuru wenzetu wa BMU, serikali ya kijiji, walimu na wanafunzi, na wenye mitumbwi wanaobeba takataka bila kudai nauli.

Hatusemi kwamba tumeshinda. Furu wa utoto wetu hawajarudi. Makokoro bado hutoka usiku. Mwaka 2025 tulisikia na kuona magugu mapya, yale ya salvinia, yaliyosumbua hata vivuko vya Kigongo na Busisi. Ziwa ni la nchi nyingi, na sisi ni akina mama 31 tu wa mwalo mmoja. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na hivyo ndivyo kisanduku chetu kilivyojaa.

Kwa hiyo wanachama wapya, mkija kuomba mkopo msishangae tukiwauliza unakwenda kununua nini. Si udaku. Ziwa nalo ni akiba yetu, nalo halina kufuli hata moja.

Umoja wetu udumu.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote