"Protectorate" na "Colony": Maneno Mawili, Ardhi Ile Ile

Hebu chukua ramani ya Kenya iliyochapwa baina ya 1920 na 1963. Jina lake rasmi ni refu: Colony and Protectorate of Kenya. Msomaji mwenye haraka atasema, "Aa, mkoloni ni mkoloni tu!" Sivyo, ndugu yangu. Kila neno lilikuwa na kazi yake.

"Protectorate", yaani himaya au nchi lindwa, ni nchi yenye wenyewe ambayo dola kubwa linadai kuilinda. Mwenyewe anabaki na jina, mlinzi anashika serikali. "Colony", yaani koloni, ni nchi iliyotwaliwa kabisa ikawa mali ya Mfalme.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki. Mwaka huo huo ikapatana na Sultani wa Zanzibar kuutawala mwambao wake, ukanda wa maili 10 kutoka baharini, kwa malipo ya kila mwaka.

Sasa tazama neno likifanya kazi. Mwaka 1904 Wamaasai walitiliana mkataba na Waingereza: Laikipia itakuwa yao maadamu wao wapo. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine wa kuwahamishia kusini. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 wakajibiwa kwamba hii ni "protectorate". Nyinyi si raia wa Uingereza, ni watu wa nje mnaolindwa. Mkataba wenu ni shauri la dola na dola, mahakama haina uwezo nalo. Kumbe kulindwa ndiko kukosa pa kushtakia!

Mwaka 1920 bara likafanywa "colony", sababu mojawapo ikiwa ni kurahisisha kukopa fedha London. Mwambao ukabaki "protectorate", bendera nyekundu ya Sultani ikipepea Fort Jesus. Baadaye, katika kesi ya shamba baina ya Wakikuyu, jaji alisema kwamba kwa sheria ya 1915 na kwa kutwaliwa huku kwa 1920, Mwafrika ni mpangaji tu, anakaa kwa ridhaa ya Mfalme.

Neno la kwanza lilisema: wewe si wetu, hatukusikilizi. La pili likasema: wewe ni wetu, na ardhi ni yetu. Maana mbali mbali, hasara kwa mtu yule yule.

Oktoba 1963 Sultani alikubali mwambao uingie Kenya, na tarehe 12 Desemba maneno yote mawili yakafutwa.

Basi wewe unayeandika hadithi ya zamani, usilimwage neno "koloni" kila mahali. Mombasa ya 1930 haikuwa koloni kisheria. Wala Zanzibar, wala Uganda. Kamusi itakupa maana ya neno. Ukitaka kujua kazi yake, uliza nani alilitamka, mbele ya nani, na nani alirudi nyumbani bila shamba.