Joto Lilimpigisha Magoti Bosi wa Intel, Sembuse Mimi

Wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana niliunda kompyuta chumbani kwangu, kipande kwa kipande: mazabodi ya mitumba, prosesa ya i5-6500 ambayo ilitoka 2015, na kasha ambalo jirani alikuwa anataka kutupa. Pesa yenyewe ni ile iliyobaki nilipoacha chuo, kwa hivyo nyumbani kila mtu alikuwa anaiangalia hiyo mashini kama digrii yangu. Iliwaka mara ya kwanza. Nilipiga kelele hadi mama akaja mbio akidhani nimeshikwa na stima.

Furaha ilidumu siku tatu. Nilikuwa nimepata mteja wangu wa kwanza wa maana, video ya harusi, na kazi iliyofaa kuchukua kama nusu saa ikaandika kwamba itaisha baada ya masaa manne. Feni inalia kama posho mill. Nikaweka programu ya kusoma joto: prosesa iko digrii 62 ikiwa imekaa tu bure. Nikianza kutoa video, inaruka hadi 99 kabla sijavuta pumzi, halafu kasi inaanguka kutoka gigahezi 3.2 hadi 0.8.

Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: nunua feni kubwa. Mmoja akasema niweke ya kupoza kwa maji, na bei yake ilikuwa zaidi ya nilicholipia prosesa na mazabodi pamoja. Nilikaribia kukopa. Usiku huo, badala ya kukopa, nikaanza kusoma hii vita ya joto ilianzia wapi. Na nikagundua kampuni kubwa kuliko zote ilishawahi kufanya kosa lilelile nililokuwa nataka kufanya.

Prosesa hazikuzaliwa na feni. Intel 4004 ya 1971 ilikuwa na transista 2,300 tu na ilikaa uchi kwa bodi, bila chuma cha kupozea. Hata 386 ya 1985 kwa kawaida ilifanya kazi hivyo hivyo. Mwaka wa 1974, Robert Dennard na wenzake pale IBM walionyesha kitu kitamu sana: ukipunguza ukubwa wa transista, unaweza kupunguza na umeme wake pia, kwa hivyo hata ukizijaza nyingi mahali padogo, joto la hapo halipandi. Kwa miaka kama 30 watengenezaji walikula hiyo asali. Kila kizazi kidogo zaidi, kila kizazi haraka zaidi.

Lakini kasi ilikuwa inaenda mbio kuliko hesabu. Pentium ya 1993 tayari ilihitaji chuma na feni. Mwaka wa 2001 Pat Gelsinger wa Intel alisimama mbele ya mainjinia akawaambia mambo yakiendelea hivyo, chip zitafikia joto la kinu cha nyuklia, kisha bomba la roketi, kisha uso wa jua. Mwaka huohuo Tom's Hardware wakatoa video maarufu: waling'oa chuma cha kupozea kompyuta ikiwa inaendelea na mchezo. Athlon ya AMD iliungua ndani ya sekunde. Pentium 4 ilijipunguza kasi, ikaendelea kutambaa. Hapo ndipo nilielewa yangu. Hiyo gigahezi 0.8 ilikuwa prosesa inajiokoa kutoka kwa mkono wangu.

Sasa ingia 2004. Intel walitoa Pentium 4 mpya, jina la ndani Prescott. Transista zake zilikuwa ndogo zaidi, nanomita 90 badala ya 130. Kwa sheria ya zamani, ingepaswa kuwa baridi zaidi. Ikawa moto zaidi, hadi wati 115 kwa zile kali. Umeme ulikuwa unavuja ndani ya transista hata zikiwa zimezimwa, na hakukuwa na jinsi ya kuendelea kuushusha. Walikuwa wameota gigahezi 10. Oktoba 2004 walifuta hata ile ya gigahezi 4, na bosi wao, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani kwa utani akiomba msamaha.

Kilichowaokoa hakikuwa feni kubwa. Waligeukia kazi ya timu yao ya Haifa, Israel, iliyokuwa inaunda prosesa za laptop, watu waliozoea kuhesabu kila wati. Mwaka wa 2006 ikatoka Core 2 Duo: viini viwili, gigahezi 2.4, wati 65, na iliziacha zile Pentium 4 kwa mbali. Sababu ya simu yako kuwa na viini vinane leo inaanzia kwa huo ukuta wa joto.

Sisi huku tulirithi majivu ya hiyo vita. Cyber ya mtaa wetu nikiwa shule ya msingi ilikuwa na Pentium 4 za ex-UK, zote zimefunguliwa mbavu, na feni ya mezani inazipulizia kama wagonjwa. Tulidhani ni ubahili wa mwenyewe.

Na kuna kitu kingine cha 2004 kilichonifikia. Zamani chuma cha kupozea Pentium 4 kilibanwa kwa fremu na wenzo. Mwaka huo Intel walileta soketi mpya, LGA775, na feni inayoshikwa na pini nne za plastiki zinazopenya bodi. Yangu bado ilikuwa ya aina hiyo. Saa nane usiku nikageuza bodi na tochi ya simu. Pini tatu zimeingia. Ya nne inaning'inia.

Nikafungua. Pesti upande mmoja imebanwa vizuri, upande mwingine inang'aa kama nilivyoipaka. Chuma hakikuwa kimegusa hapo kabisa. Nikafuta kwa spiriti, nikaweka pesti mpya kama punje ya ndengu, nikabana pini kona kwa kona hadi kila moja ikalia tak. Digrii 36 ikiwa imetulia, 65 ikifanya kazi. Harusi ikatoka kabla jua halijachomoza.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kabla ununue chochote, uliza joto limekwama wapi. Likiruka juu ndani ya sekunde, shuku pesti na pini, maana haliwezi kutoka kwa prosesa. Likipanda polepole kwa dakika nyingi, shuku vumbi, feni iliyochoka, au kasha lisilopumua. Angalia pia kama feni ya prosesa inazunguka kweli. Ukaguzi wote huo ni bei ya brashi na tyubu ndogo ya pesti.

Asubuhi mama aliniuliza mashini ilikuwa na ugonjwa gani. Nikamwambia pini moja haikuwa imeingia.

"Na ulikuwa unataka kukopa pesa ngapi?"

Hilo sikulijibu.