Sheha wa Samoni katika Maporomoko ya Celilo

Katika mto Columbia, unaotenganisha majimbo ya Oregon na Washington huko Marekani kabla haujamwaga maji yake katika Bahari ya Pasifiki, palikuwa na mahali, mwendo wa kilomita 20 hivi juu ya mji wa The Dalles, ambapo mto mpana ulibanwa na majabali meusi hata ukaporomoka kwa kishindo. Na mahali hapo, palipoitwa Celilo na wageni na Wyam na wenyewe, watu walivua samoni kwa maelfu ya miaka bila ya sheria iliyoandikwa wala askari wa kuilinda, na samaki hawakuwaishia.

Samoni huzaliwa katika changarawe za vijito vya bara, hushuka baharini angali mdogo, hukaa huko miaka kadhaa akinenepa, kisha hurejea mto ule ule aliozaliwa, akipanda mkondo bila ya kula kitu chochote, hata afike alikotoka, atage na kufa. Riziki ya mvuvi basi huja kwa majira, kundi moja mwezi wa Aprili na Mei, jingine wakati wa joto, na lililo kubwa aghalabu mwezi wa Septemba. Na anayeuziba mto mwaka huu amekwisha kula samaki wa miaka ijayo.

Hilo wenyeji walilijua, na kwa ajili hiyo taratibu yote ya uvuvi iliwekwa mikononi mwa mzee mmoja, sheha wa samoni, ambaye amri yake haikuwa na rufaa. Samoni wa kwanza wa mwaka alipotokea, hapakuwa na ruhusa ya kutosa wavu mpaka watu wakusanyike katika nyumba yao ndefu ya ibada, wanywe maji kwanza, kisha wale samaki huyo na mizizi ya porini kwa staha na nyimbo. Kila jukwaa la mbao lililoning'inia juu ya povu lilikuwa mali ya ukoo wake, hurithiwa baba kwa mwana, na mgeni hakulikanyaga ila kwa idhini. Mvuvi alisimama hapo amefungwa kamba kiunoni, akichota mkondoni kwa wavu wa mpini mrefu. Na mtu alipokufa maji, wavuvi wote waliacha kazi. Usiku kuvua kulikatazwa. Wako wanaosema kuwa katazo hilo lilikuwa la kuwalinda watu na utelezi wa mawe, nami sibishi. Walakini samaki waliopita gizani ndio waliokwenda kutaga, na sidhani kuwa wazee wenye macho makali kiasi kile hawakuliona jambo hilo.

Wanawake walipasua samaki, wakawaanika katika upepo mkavu wa bonde lile, na ng'onda hao wakawatwanga unga na kuushindilia katika vikapu vilivyotandikwa ngozi za samaki, ukakaa mwaka na zaidi usioze. Wasafiri wavumbuzi Lewis na Clark, walipopita Oktoba 1805, walikuta shehena za vikapu hivyo, kwani Celilo ilikuwa soko kubwa, makombe ya pwani yakibadilishwa kwa farasi na ngozi za nyati wa nyikani.

Mwaka 1855 makabila ya mto huo yalitia saini mikataba na serikali ya Marekani, yakatoa sehemu kubwa ya ardhi yao lakini yakajibakizia haki ya kuvua mahali pao pote pa desturi, pamoja na raia wengine. Haukupita muda, mnamo 1866, kikafunguliwa kiwanda cha kwanza cha kutia samoni katika mikebe, na kuanzia 1879 yakaletwa magurudumu makubwa yaliyozungushwa na mkondo wenyewe, yakichota samaki usiku na mchana pasi na mkono wa mtu. Ndugu wawili wa ukoo wa Winans waliweka magurudumu yao na kuwazuia Wayakama, mojawapo ya makabila hayo, wasifike mtoni. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1905 iliamua kuwa mkataba haukuwapa wenyeji haki mpya, bali wao ndio waliotoa, na wasichokitoa kilibaki chao. Magurudumu hayo yalipigwa marufuku Oregon mwaka 1926 na Washington mwaka 1934.

Hukumu haikuweza kuyalinda maporomoko. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa, na kwa muda wa saa chache Celilo ikazama. Makabila yalilipwa fidia ya zaidi ya dola milioni 26. Mzee Tommy Thompson, aliyekuwa sheha kwa miongo mingi, hakuridhia kamwe, akafariki mwaka 1959.

Haki ya mkataba, hata hivyo, haikuzama. Mwaka 1969 jaji Robert Belloni aliamua kuwa makabila yanastahiki fungu la haki la samaki wa Columbia, na mwaka 1974 jaji George Boldt, katika shauri la jimbo la Washington, akalipima fungu hilo kuwa nusu, kipimo kilichokuja kutumika Columbia pia. Siku hizi samaki huhesabiwa wakipita dirishani katika ngazi za maji wanazopandia kwenye bwawa la Bonneville, chini zaidi mtoni humo, na kwa hesabu hiyo majimbo na makabila huamua siku za kuvua. Ilhali katika kijiji cha Celilo karamu ya samoni wa kwanza ingali ikifanywa kila Aprili.