Kelele za hedifoni: kikulacho ki nguoni mwako

Ni siku nyingi sijaandika hapa, kazi imenibana. Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuzungumze kuhusu kelele.

Fanya jaribio hili usiku watu wakiwa wamelala. Chomeka hedifoni kwenye kipakatalishi chako (au laptopu, kama tunavyoiita mtaani) bila kucheza wimbo wowote, kisha sikiliza. Yaelekea utasikia shhhh ya chini kwa chini, kama mvua ya mbali. Katika mashine nyingi utasikia pia mlio mwembamba, kama wa mbu, unaobadilika unaposogeza kipanya au unapofungua ukurasa wa intaneti. Ukichomoa chaja, mlio hubadilika tena, na pengine hutoweka kabisa.

Wengi huzoea. Mimi pia nilizoea, na mazoea hayo yalinigharimu kitu nisichoweza kununua. Nitawaeleza mwishoni. Kwanza tuangalie historia, kwa sababu mlio huo wa mbu una umri mkubwa kuliko tarakilishi yenyewe.

Tuanze na telegrafu. Mwaka wa 1838, huko Munich, Ujerumani, Carl August von Steinheil alionyesha kwamba telegrafu haihitaji nyaya mbili. Mkondo wa umeme unaweza kwenda kwa waya na kurudi kwa kupitia ardhini. Kwa makampuni ya telegrafu hiyo ilikuwa habari njema, kwani waya ni pesa na ardhi ni ya bure. Kila mtu akachimbia bati lake ardhini, na ardhi ikawa njia ya wote ya kurudishia umeme.

Telegrafu haikujali. Chombo chake kilihitaji mkondo wenye nguvu ili kigonge ta-ta-ta, hivyo takataka ndogo ndogo za umeme hazikukisumbua. Lakini mwaka wa 1876 Alexander Graham Bell akapata hataza ya simu, na simu ni chombo chenye masikio makali sana. Msaidizi wake, Thomas Watson, alikuwa akikaa usiku na kusikiliza waya wa majaribio uliopita juu ya mapaa ya nyumba mjini Boston. Hapakuwa na mtu aliyezungumza upande wa pili, lakini alisikia mikwaruzo, milio ya ghafla, na sauti zilizofanana na za ndege. Siku hizi wapo wanaosema kwamba huenda yeye ndiye mtu wa kwanza kusikiliza redio, bila kujua.

Simu zilipoanza kutumika, zilirithi utaratibu wa telegrafu: waya mmoja, na kurudi ardhini. Matokeo yake mtu alipiga simu akasikia telegrafu ya jirani ikigonga katikati ya maneno yake. Mwaka wa 1881 Bell akapewa hataza nyingine, ambayo watu wachache huitaja ingawa tunaitumia mpaka leo: badala ya waya mmoja na ardhi, tumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kelele ikija kutoka nje inaingia katika nyaya zote mbili kwa kiasi kile kile, na chombo kikisikiliza tofauti tu kati ya nyaya hizo, kelele inajifuta yenyewe. Ukipasua kebo ya mtandao ofisini kwako utakuta jozi nne zilizosokotwa hivyo hivyo.

Dawa ilikuwepo, lakini ilimaanisha kununua waya mara mbili, kwa hivyo makampuni yalisitasita. Kilichowasukuma ni tramu za umeme. Mwaka wa 1888 Frank Sprague alizindua mtandao mkubwa wa tramu huko Richmond, jimbo la Virginia, Marekani, na miji mingine ikafuata. Mkondo wa tramu, mkubwa ajabu, ulirudi kwa kupitia reli na ardhi, ardhi ile ile ya simu. Tramu ikipita, simu zinanguruma. Makampuni ya simu yalikwenda hadi mahakamani kuwashtaki wenye tramu, lakini ardhi si mali ya kampuni ya simu, na mwishowe ilibidi wafunge nyaya mbili.

Shikeni jambo hilo moja: tatizo halikuwa kwamba tramu ina makosa au simu ina makosa. Tatizo ni kwamba wawili hao, mwenye nguvu nyingi na mwenye masikio makali, walikuwa wakitumia njia moja ya kurudi. Tutakutana nalo tena.

Sasa ile shhhh, kwa sababu yenyewe ni ya ukoo mwingine. Mwaka wa 1918 Walter Schottky wa Ujerumani alieleza kwamba mkondo wa umeme hautiririki laini kama mafuta. Umeundwa na elektroni moja moja, kama punje za mahindi zinazoanguka kwenye bati, na ukikuza sauti vya kutosha utazisikia zikianguka. Kisha mwaka wa 1928, John B. Johnson wa Bell Telephone Laboratories, Marekani, na Harry Nyquist, wote wazaliwa wa Sweden, walichapisha jambo lililowashangaza wengi: kila kitu chenye ukinzani kinatoa kelele ya umeme kwa sababu tu kina joto. Johnson aliipima, Nyquist akaitolea hesabu. Chukua rezista ya omu 10,000 katika joto la kawaida la chumba, sikiliza masafa yote ambayo sikio la binadamu linayaweza, utapata takriban mikrovolti 1.8 za kelele, hata kama haijaunganishwa na betri yoyote. Huwezi kuiondoa isipokuwa uigandishe rezista au uitupe.

Kwa hiyo kelele ni za koo mbili. Kuna kelele ya asili, ambayo ni bei ya kuishi katika dunia yenye joto. Na kuna kelele ya jirani, ambayo mtu anaweza kuitafuta na kuizuia. Atakayechanganya hizo mbili atahangaika bure.

Kuna mtu mmoja aliyejua kuzitenganisha, naye namheshimu sana. Karl Jansky, kijana wa miaka ishirini na kitu, alipewa kazi na maabara hiyo hiyo ya Bell: atafute ni nini kinacholeta kelele katika simu za redio zinazovuka bahari ya Atlantiki. Akajenga antena inayozunguka kwenye magurudumu huko Holmdel, New Jersey, akasikiliza kwa miezi mingi. Akazipanga kelele zake: radi za karibu, radi za mbali, na shhhh moja isiyojulikana. Angeweza kuandika ripoti na kwenda nyumbani. Badala yake aliiandama hiyo ya tatu, akagundua kwamba haijirudii kila baada ya saa 24, bali kila baada ya saa 23 na dakika 56, ambao ni muda wa nyota kurudi mahali pake angani. Mwaka wa 1933 alitangaza kwamba kelele hiyo inatoka katikati ya galaksi yetu. Elimu ya kuchunguza nyota kwa redio ilianzia pale, kwa mtu aliyeuliza kelele inatoka wapi kabla ya kujaribu kuizima.

Haya, turudi kwenye meza zetu. Mwaka wa 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa kadi ya Sound Blaster, na tarakilishi za kawaida zikaanza kuimba. Kadi hizo zilichomekwa ndani ya boksi, katikati ya diski, feni na kumbukumbu, kila moja ikivuta umeme kwa fujo zake. Lakini sauti zenyewe zilikuwa za biti 8, ambazo nafasi yake kati ya sauti kubwa na ndogo ni desibeli 48 hivi. Sauti ilikuwa chafu tayari, kelele ya jirani haikuonekana sana. Biti 16 zilipokuja, nafasi ikapanuka hadi desibeli 96, na ghafla watu wakaanza kusikia diski zao zikizunguka. Yaani kadiri nyumba ilivyosafishwa ndivyo madoa yalivyojitokeza.

Wahandisi waliliona. Mwaka wa 1997 Intel ilitoa kiwango kinachoitwa AC'97, na moja ya nguzo zake ilikuwa kutenganisha kazi: chipu moja ishughulike na namba, na nyingine ndogo, inayogeuza namba kuwa mawimbi ya umeme, ikae mbali kidogo na vurugu. Mwaka wa 2004 kikafuata kiwango cha High Definition Audio. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri sana.

Lakini kipakatalishi hakina "mbali kidogo". Kila kitu kimebanwa kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Prosesa inatumia volti 1 hivi, lakini ikiamka kufanya kazi inaweza kuvuta ampea nyingi kwa ghafla, kisha inalala, kisha inaamka, maelfu ya mara kwa sekunde. USB nayo ina mapigo yake. Ile ya kasi ya kawaida hupiga mara 1,000 kwa sekunde, na mapigo 1,000 kwa sekunde ni noti ambayo sikio linaisikia vizuri sana. Mikondo hii yote inarudi kwa njia moja ya shaba ndani ya ubao, ambayo mafundi wanaiita ardhi. Na pini ya hedifoni ina waya wa kushoto, waya wa kulia, na mmoja wa kurudia ambao wote wanautumia, uliounganishwa na ardhi hiyo hiyo.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme kipande cha shaba cha njia hiyo kina ukinzani wa omu 0.0001 tu. Ampea 1 ikipita hapo inaacha mikrovolti 100. Hedifoni za kuingiza sikioni zenye hisia kali zinaweza kukusikilizisha mikrovolti makumi machache ukiwa mahali patulivu. Hiyo ndiyo sauti ya mbu. Ni ile kesi ya mwaka wa 1888: prosesa ni tramu, hedifoni ni simu, na wote wanarudi nyumbani kwa njia moja.

Sasa niwaeleze kilichonipata. Mwaka wa 1991 babu yangu mzaa baba, aliyefanya kazi ya reli pale Voi, alirekodiwa na wanawe kwenye kaseti akieleza ukoo wetu ulikotoka, nani alimzaa nani. Mimi nilikuwa sijazaliwa, na sikuwahi kumwona. Baba mdogo aliponikabidhi kanda hiyo alisema, "Wewe ndiye mtu wa tarakilishi, itunze." Nikaiingiza kwenye kipakatalishi. Ilipofika karibu na mwisho kanda ikakatika, nikashukuru kwamba nimewahi.

Nilipovaa hedifoni nikasikia shhhh ya kanda na mlio wa mbu juu yake. Nikaiambia programu iondoe kelele. Mbu akabaki. Nikaongeza nguvu, nikahifadhi juu ya faili ile ile. Mbu akabaki. Nikarudia mara ya tatu, mara ya nne. Mbu yuko pale pale, na babu sasa anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa la maji.

Siku moja nikaifungua faili kwenye mashine ya rafiki yangu. Mbu hakuwepo! Hakuwahi kuwemo kwenye kanda. Alikuwa ndani ya kipakatalishi changu, upande wa kutolea sauti, na mimi nilikuwa nikimkwangua babu ili kuondoa kelele ya prosesa yangu. Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, na sikuwa na nakala ya faili ya kwanza. Kilichobaki kizima ni dakika kumi na moja za mwanzo, ambazo nilikuwa nimemtumia binamu yangu kwa barua pepe siku ya kwanza. Majina ya upande wa nyanya yako baada ya hapo. Baba mdogo nilimweleza ukweli. Alinyamaza, kisha akaniambia, "Basi hizo kumi na moja usiziguse."

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia kelele, fuata njia ya Jansky kwanza. Chomoa chaja usikilize tena. Jaribu hedifoni hizo kwenye simu yako. Cheza faili hiyo kwenye mashine nyingine. Ukiwa kwenye Linux fungua alsamixer, uzime maikrofoni na njia nyingine usizotumia, maana mara nyingi kelele inapenyea hapo; na kama unasikia "tap" kila sauti inapoanza au kuisha, kuna uwezekano chipu ya sauti inalazwa ili kuokoa betri, na unaweza kuizuia kwa kuweka power_save=0 kwenye snd_hda_intel. Ikishindikana, nunua kile kifaa kidogo cha USB cha kutolea sauti. Mara nyingi husaidia, kwa sababu kazi ya kugeuza namba kuwa sauti inatoka nje ya boksi lenye fujo.

Na faili ya kwanza kabisa, hata iwe chafu namna gani, iweke mahali pawili na usiiguse. Mimi zile dakika kumi na moja ninazo katika diski tatu sasa. Shhhh ya kanda imo, nami nimeiacha.

Haya, tukutane tena majaliwa.